MAARIFA NA UFUNDI: Kamani Ilindayo Umeme

Wasomaji wengi wanaokaa penye umeme wamepata kuliona jambo hili jioni ya mvua na upepo. Taa huzimika kwa kitambo kidogo, kama kufumba na kufumbua macho, kisha huwaka. Mara huzimika tena, na safari hii giza hukaa. Wengine husema kwamba kampuni ya umeme inawachezea watu. Wengine hudhani kwamba kuna mtu kule kituoni aliyeshika swichi mkononi, naye anaijaribu. Maneno hayo yote mawili si kweli, kwani mkono wa mtu hauwezi kufanya upesi kiasi kile. Anayeifanya kazi ile, mara nyingi, ni kamani. Yaani springi ya chuma, ndugu yake ile ya saa na ya mtego wa panya, lakini kubwa zaidi, ambayo ilikwisha kukazwa mapema ikawekwa ikingoja.

Juma hili twapenda kueleza kamani hiyo ni kitu gani, na kwa nini mafundi wa dunia nzima wameiamini kwa kazi kubwa kama hii. Habari hii si ya mafundi peke yao. Mkulima ambaye waya wa umeme umeanguka shambani mwake yampasa aijue, maana huenda maisha yake, na ya watoto wake na ng'ombe wake, yakategemea neno moja tu: kwamba kamani iliyoukata umeme ina mwenzake wa kuurudisha, wala haitamwuliza mtu ruhusa.

Kabla ya kuendelea tupatane juu ya maneno. Katika mazungumzo ya kila siku mmoja akisema "fungua stima" ana maana ya kuwasha, na fundi akisema "swichi imefunguka" ana maana kwamba umeme umekatika. Ili tusichanganyikiwe, katika makala hii tutasema kuunga na kukata, basi.

SWICHI YA UKUTANI NA SWICHI KUBWA

Swichi ya ukutani nyumbani hukata umeme wa volti 240. Ukiibonyeza husikia mlio, "ta!" Mlio huo ni wa kamani ndogo sana iliyomo ndani, ambayo huvirusha vipande vya chuma viachane kwa ghafula hata kama kidole chako kinakwenda polepole. Waliotengeneza swichi hiyo walijua kwamba vipande vile vikiachana polepole, cheche itaruka katikati yao na kuviunguza. Basi hata katika swichi ndogo kabisa kamani inafanya kazi ambayo kidole hakiwezi.

Lakini umeme hausafirishwi mbali kwa volti 240, maana ungepotea njiani kwa kuzitia nyaya joto. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa penye mto Nile huko Jinja. Mwaka uo huo iliundwa kampuni ya kuuleta umeme wa Uganda mpaka Nairobi kwa njia ya Tororo, juu ya nyaya za volti 132,000. Leo nchi ya Kenya ina njia nyingine za volti 220,000 na 400,000, na nyaya ndogo za volti 33,000 na 11,000 ambazo hupita juu ya nguzo mashambani na kuvifikia viwanda vya chai, shule na masoko.

Umeme wa nguvu kama hiyo haukatiki kwa kutenganisha vyuma tu. Vyuma viwili vya shaba vikianza kuachana, umeme hukataa kusimama. Huruka katika nafasi iliyo katikati na kuwa ulimi wa moto wenye joto la maelfu ya digrii, linalopita kiasi cha kuyeyusha shaba na chuma. Vyuma vikiendelea kuachana polepole, ulimi ule hurefuka tu nao haufi, na swichi yenyewe huteketea.

Hata hivyo kuna nafasi moja ya kuuzima. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na kila ubadilipo mwendo husimama kabisa kwa kitambo kisichopimika. Kusimama huko hutokea mara 100 kwa sekunde. Ikiwa wakati ule vyuma vimekwisha kuachana vya kutosha, na mahali penyewe pamepozwa kwa mafuta au kwa gesi, au hapana hewa kabisa, basi ulimi wa moto hufa wala haufufuki. Kwa hiyo kazi yote ya kukata ni mashindano. Vyuma yapasa viwe vimefika mbali kabla umeme haujapata nguvu ya kuruka tena. Methali yetu husema kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini penye swichi kubwa baraka yote iko katika haraka, mradi haraka hiyo imetayarishwa kwa utulivu.

NGUVU YA KUVISUKUMA VYUMA

Hapo mwanzo mafundi walitumia mikono. Mwaka 1901 huko Marekani fundi mmoja jina lake Kelman alitengeneza swichi kwa mapipa mawili ya mbao yaliyotiwa mafuta na maji, na vyuma vyake vilisogezwa kwa mpini mmoja ulioshikwa na mtu. Ilifaa kwa umeme wa siku zile. Lakini umeme ulipozidi nguvu ilionekana kwamba mkono wa mtu ni mzito mno, tena mtu mwenyewe huogopa, na mwenye hofu huenda akasita katikati ya kazi.

Baadaye zilitumika sumaku kubwa za umeme, kisha hewa iliyoshindiliwa katika matangi, kisha mafuta yaliyoshindiliwa katika mabomba. Njia hizi zote zilifanya kazi, na baadhi yake zinafanya kazi hata leo. Lakini hewa yataka mtambo wa kuishindilia, nayo huvuja usiku na mchana. Mafuta nayo huvuja, na mpira unaoyazuia huzeeka. Kamani haina kitu cha kuvuja. Ikikazwa leo na kuachwa mwezi mzima, nguvu yake ingalipo. Akiba haiozi, walisema wazee, na mafundi wameona kwamba akiba iliyomo katika chuma kilichokazwa ndiyo isiyooza kupita zote.

Kwa miaka mingi kamani ilionekana kuwa dhaifu kwa swichi zilizo kubwa kabisa. Sababu yake ni hii. Katika miaka ya 1950 iliingia gesi iitwayo salfa heksafloraidi, izimayo ulimi wa moto vizuri kuliko hewa. Lakini swichi za aina hiyo zilizotumika sana baadaye zilifanya kazi kama mivuo ya mhunzi: mtambo wa kusukuma ulilazimika kuvitenganisha vyuma, na papo hapo kuishindilia gesi ili ipulize moto. Kazi hiyo ilitaka nguvu nyingi. Baadaye ziligunduliwa swichi ambazo ndani yake joto la ulimi wa moto lenyewe huitanua gesi, na gesi hiyo hurudi kuuzima moto uliyoitanua. Tangu hapo kazi ya mtambo wa kusukuma ikapungua sana, na kamani ikaweza kuendesha hata swichi za volti 400,000.

JINSI KAMANI INAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1678 mtaalamu Mwingereza Robert Hooke alitoa kanuni iliyo rahisi: kadiri unavyoivuta kamani, ndivyo inavyokuvuta. Ukiivuta mara mbili, nayo hukuvuta kwa nguvu mara mbili. Lakini akiba inayowekwa ndani yake huongezeka zaidi ya hapo. Ukiivuta mara mbili akiba huwa mara nne. Ndiyo sababu kamani ndogo iliyokazwa sana huweza kuficha nguvu ya kutisha.

Tuchukue mfano ambao mkulima anaujua. Gunia la mahindi lina kilo 90. Kulinyanyua kutoka chini mpaka juu ya lori, tuseme mita 2, ni kazi ya jouli 1,766 hivi, nayo ni kama akiba iwezayo kuwekwa katika kamani ya swichi kubwa. Sasa, ikiwa mota ndogo inaikaza kamani hiyo kwa sekunde 10, yatosha iwe na nguvu ya wati 180 hivi tu. Ni kama taa tatu za zamani za wati 60. Lakini kamani ikifyatuka hutoa akiba ile yote katika sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Katika kitambo hicho hufanya kazi kwa nguvu ya wati 44,000, ambazo ni karibu nguvu za farasi 60. Kamani haikuzidisha kitu. Ilichofanya ni kukusanya polepole na kutoa mara moja, kama mtu awekaye senti kila siku ili alipe ada ya shule siku moja.

Katika kabati la chuma lililo chini ya swichi, kamani za namna hii huwa mbili: ya kuunga na ya kukata. Mota hugeuza gurudumu lenye meno, na pembeni pana ulimi mdogo wa chuma uingiao katika meno hayo ili gurudumu lisirudi nyuma. Jambo hilo hilo huonekana katika gurudumu la nyuma la baiskeli, na mlio wake wa "tik-tik-tik" ni huo huo. Kamani ya kuunga ikikazwa kabisa, mota husimama yenyewe, na kamani hubaki imezuiliwa na komeo. Mota ikiharibika, au pasipokuwa na umeme wa kuiendesha, fundi hutia mkono wa chuma na kuikaza kamani kwa kuuzungusha, kama vile lori za zamani zilivyowashwa kwa hendeli.

Komeo hilo ni kazi ya ufundi mwingi. Limezuia nguvu ya kumnyanyua mtu, lakini limeundwa hata liachie kwa kuguswa kidogo tu. Anayeligusa ni sumaku ndogo ya umeme, ambayo hupata umeme wake kutoka betri zilizomo kituoni. Pale kituoni kuna vyombo vya ulinzi vinavyopima umeme upitao katika nyaya bila kulala. Vikiona umeme umezidi ghafula, kama vile mti ulipoangukia waya, hupeleka amri kwa sumaku, sumaku hupiga komeo, komeo huachia, kamani ya kukata hufyatuka, vyuma huachana. Tangu amri kutolewa mpaka ulimi wa moto kufa, swichi nzuri za umeme mkubwa hutumia kiasi cha sehemu 40 hadi 60 katika elfu za sekunde moja. Nyingi za zile za volti 132,000 huundwa ziweze kukata umeme wa ampea 31,500 au 40,000. Na birika la umeme la nyumbani hutumia kama ampea 10 tu.

Kitu kiendacho kwa kasi hivyo yapasa kisimamishwe vizuri, la sivyo kitajivunja chenyewe. Kwa hiyo mwisho wa safari kuna bomba lenye mafuta na kizibo ndani yake. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha usukume mpini. Utaona jinsi unavyokataa kwenda upesi. Bomba lile hufanya vivyo hivyo, nalo huimeza ile nguvu iliyobaki.

AKIBA KABLA YA AJALI

Labda msomaji atauliza: kwa nini usitumiwe umeme wenyewe kuvisukuma vyuma, maana kituoni umeme umejaa tele? Jibu lake ndilo kiini cha habari hii. Hitilafu inapotokea, umeme wenyewe ndio mgonjwa. Saa ile ambayo swichi inatakiwa zaidi ya saa zote ndiyo saa ambayo umeme hauaminiki. Huenda umeshuka, huenda umekwisha kabisa. Mtu hachimbi kisima nyumba inapowaka moto. Kwa hiyo nguvu ya kukata huwekwa mapema, siku ya amani, na kufungiwa ndani ya chuma.

Tena wenye kuunda mtambo huu wameufanya kwa busara. Kamani ya kuunga ni kubwa kuliko ya kukata. Ikifyatuka, huviunga vyuma, na katika mwendo ule ule huikaza kamani ya kukata. Basi mtu hawezi kuunga umeme bila kuiweka tayari nguvu ya kuukata. Akiunga, kumbe hitilafu ingali pale, swichi hukata papo hapo bila kungoja mota. Twaweza kusema kwamba mlango huu hauingiki kabla njia ya kutokea haijawa wazi.

Manufaa ya akiba hii yalionekana zaidi siku ambazo Kenya nzima iliingia gizani. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, penye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ile ikatengwa. Mitambo mingine ikaelemewa nayo ikajitoa. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi tena karibu nchi nzima. Watu walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika, maana hasara ilikuwa kubwa. Lakini katika mambo kama hayo swichi hukata ili mitambo isiteketee. Transfoma kubwa ikiungua, kuagiza na kuleta nyingine huchukua miezi mingi. Swichi iliyokata huungwa tena siku ile ile. Na wakati wa kuungwa ukifika, hali vituo vingine havina umeme hata kidogo, swichi zenye kamani huwa na akiba yao tayari, na betri ndogo hutosha kuligusa komeo.

WAYA ULIOANGUKA SHAMBANI

Sasa tufike penye jambo linalomhusu kila mtu. Hitilafu nyingi za nyaya zilizo juu ya nguzo ni za kupita tu: tawi limegusa waya likaanguka, ndege ametua vibaya, radi imepiga. Umeme ukikatwa kwa kitambo kidogo, ulimi wa moto hufa, na waya huwa mzima tena. Kwa hiyo vyombo vya ulinzi huagizwa kukata, kungoja, kisha kuunga tena vyenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya taa kuzimika na kuwaka kwa ghafula.

Kanuni za kimataifa zimeandika mazoezi ambayo swichi kubwa ya namna hii yapasa iyaweze: ikate, ingoje sehemu tatu za kumi za sekunde, iunge, na ikiwa hitilafu ingalipo ikate papo hapo, ingoje dakika 3, iunge na kukata tena. Yaani kamani zikiwa zimekazwa, swichi ina matendo matatu ndani yake bila msaada wa mota: kata, unga, kata. Na mota ikipata sekunde kama 15 tu, huikaza kamani ya kuunga upya. Swichi ndogo zilizo juu ya nguzo za vijijini nazo zaweza kuagizwa kuunga mara mbili au tatu, pengine baada ya sekunde chache, pengine baada ya muda zaidi.

Fikiri basi juu ya mkulima aliyeona waya umelala katika mahindi yake. Taa za jirani zimezimika. Husema moyoni mwake, "Stima imekwisha kukatika," akaenda kuuondoa waya ili ng'ombe wapite. Hajui kwamba mahali fulani kamani imekazwa, na komeo linangoja kuguswa. Tena liko jambo lililo baya zaidi. Waya ukianguka juu ya ardhi kavu, juu ya mawe au juu ya majani makavu, umeme unaoingia ardhini huenda ukawa mdogo hata vyombo vya ulinzi visiutambue. Hapo swichi haikati kamwe, na waya hulala kimya kama kamba ya kuanikia nguo, nao una volti 11,000.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wayashike haya na kuwafundisha watoto:

1. Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme siku zote, hata ikiwa taa zote za kijiji zimezimika, hata ikiwa hauna cheche wala mlio.

2. Mtu asiukaribie kwa mita 10 au zaidi, na awazuie watoto na mifugo. Ng'ombe yumo katika hatari kuliko mtu, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme unaotambaa ardhini hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, ukipitia kifuani.

3. Aliyejikuta yu karibu na waya asikimbie kwa hatua ndefu. Aibane miguu pamoja na kuondoka kwa kuiburuta kidogo kidogo, pasipo kuiinua.

4. Asijaribu kuusukuma waya kwa fito. Kwa umeme wa nguvu hii mti si kinga, na mti wenye maji ni sawa na chuma. Hata aliyepigwa na umeme asishikwe mpaka kampuni imethibitisha kwamba njia imekatwa na haitaungwa.

5. Kampuni ya umeme ipewe habari mara moja, pamoja na jina la mahali na namba iliyoandikwa juu ya nguzo, ikiwa ipo.

Fundi wa kampuni mwenyewe haamini swichi peke yake. Hukata, huondoa uwezo wa kuunga tena, hupima kama waya umekufa kweli, kisha huufunga na ardhi kwa waya mnene kabla ya kuugusa. Ikiwa yeye aliyefunzwa anafanya hayo yote, sisi tusiofunzwa tuna haki gani ya kuthubutu?

MLINZI ANAYELALA MACHO WAZI

Yako pia mambo yanayofaa kujulikana na makarani na wasimamizi wa viwanda vya chai, vya sukari na vya kahawa, ambavyo vingine vina swichi za volti 11,000 au 33,000 katika chumba chake. Nyingi za hizo siku hizi hukata ndani ya chupa isiyo na hewa, na vyuma vyake huachana kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo tu. Lakini nyingi pia husukumwa na kamani.

Kwanza, kamani iliyokazwa ni hatari hata pasipokuwa na umeme. Mtu akitia mkono ndani ya kabati, na komeo likaachia, vyuma havitamngoja autoe. Ndiyo sababu kabla ya kuugusa mtambo fundi hukata umeme wa mota, kisha huifanyisha swichi kazi mpaka akiba yote imekwisha: kata, unga, kata. Ni yale yale matendo matatu tuliyoyataja. Nje ya kabati kuna alama ionyeshayo kama kamani imekazwa au imelegea; isomwe kabla ya mkono kuingia.

Pili, adui mkubwa wa kamani ni kukaa bure. Swichi huenda ikakaa miezi mingi, pengine mwaka mzima, haijasogea hata mara moja. Grisi iliyotiwa kwenye komeo hukauka na kuwa kama nta, na vumbi huingia. Siku ya hitilafu amri huja, sumaku hupiga, na komeo husitasita. Kusita kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde hatukuoni sisi, lakini kwa transfoma ni muda mrefu. Fundi mwenye akili hupima mkato wa kwanza baada ya swichi kukaa kwa muda mrefu, wala si wa pili. Kwa maana mkato wa kwanza huifungua grisi iliyoganda, na wa pili huwa mzuri na kumdanganya.

Shirika la kimataifa la wataalamu wa umeme liitwalo CIGRE, lililoanzishwa Paris mwaka 1921, lilikusanya habari za hitilafu za swichi kubwa kutoka nchi nyingi kati ya mwaka 2004 na 2007. Ilionekana kwamba karibu nusu ya hitilafu kubwa zilitoka katika mtambo wa kusukuma, na si mahali pazimiapo moto. Mitambo ya kamani ilionekana kuharibika mara chache kuliko ile ya mafuta. Basi aliyeitunza kamani na komeo lake ameitunza nusu ya swichi.

Tatu, karani ana kazi yake hapa. Juu ya mtambo kuna kihesabio kidogo chenye tarakimu, ambacho huongeza moja kila swichi ifanyapo kazi. Mitambo huthibitishwa kiwandani kwa mazoezi 2,000 au 10,000, kwa daraja yake. Karani aandikaye tarakimu hizo kila mwezi, pamoja na tarehe na sababu ya kila mkato, humpa fundi habari ambayo hakuna chombo kingine kitakachompa miaka kumi baadaye. Ikiwa kihesabio kimeruka kwa mikato mitano katika juma moja, yuko mti unaogusa waya mahali fulani, nao yapasa ukatwe matawi kabla waya haujaanguka juu ya mtu.

Jioni ya mvua, basi, taa zikizimika na kuwaka kwa ghafula, msomaji ajue kwamba kamani mbili zimefanya kazi, na mota sasa inaikaza tena ile ya kuunga. Zikizimika na kukaa, ajue kwamba swichi imejaribu, imeiona hitilafu ingalipo, ikakataa. Awashe taa yake ya mafuta, na awaambie watoto wasitoke kutafuta waya gizani. Asubuhi, kabla ya kuwafungulia ng'ombe, autazame mstari wa nyaya kwa mbali kutoka nguzo mpaka nguzo.